Beji Zilirudi Safi

Siku beji zilipokuja hospitali, mama yangu alipewa andazi.

Nalisema hili mapema ili ujue nimekaa upande gani. Mimi si mtu wa kusamehe. Mchungaji wetu analijua hilo, walimu wangu wanalijua, na fimbo ya mwalimu wa zamu inalijua kuliko wote. Sasa niko kidato cha nne, nina mdomo mrefu na kumbukumbu ndefu zaidi. Haya yalitokea nilipokuwa kidato cha pili, huku kwetu milimani, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu bado tunatibiwa pale na sindano zao ni nene.

Beji zenyewe zilikuwa tano, ndani ya bahasha yenye stempu za nchi ya mbali. Kila moja ilikuwa kidude cha plastiki, bapa, kama kiberiti kilichokaliwa na mtu mnene. Nyuma pini, mbele vidirisha vidogo, na ndani kipande cha filamu kilichofungwa kwa karatasi nyeusi. Walizituma wataalamu wa mionzi wa kimataifa, kwa ajili ya wafanyakazi wanaokuwa karibu na mashine ya eksirei. Kila mwisho wa mwezi filamu zirudishwe kwao, wazisome, watuletee majibu na filamu mpya. Msaada mzuri kabisa, wa bure, wa kirafiki.

Ila enzi hizi mnazijua. Beji inakaa kifuani, na kifua chenye haki ya beji ni kifua cha mkubwa. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani anayesimama karibu na mashine. Waliangalia vyeo. Mganga mkuu akavishwa ya kwanza. Matroni ya pili. Ya tatu ikaenda kwa mwenyekiti wa tawi la chama, ambaye hata hakuwa mfanyakazi wa hospitali, lakini nani angethubutu kumruka mwenyekiti? Ya nne akapewa mtunza stoo, maana ndiye aliyetoa unga wa maandazi. Na ya tano ikatua kwenye kifua cha mkuu wa chumba cha eksirei, mtu niliyempa jina la Bwana Picha, na alivyokitanua kile kifua ungedhani amepigana vita.

Niliyaona yote kwa dirisha la bwalo, nikiwa na jembe begani. Shule yetu ilikuwa ikiletwa pale kila Alhamisi kwa ajili ya Elimu ya Kujitegemea, yaani sisi kulima kabichi za hospitali na mwalimu wetu kujitegemea kivulini. Mama alikuwa amesimama nyuma na wahudumu wenzake. Makofi yalipokwisha, sinia likapita. Akachukua andazi lake, akalifunga kwenye leso aniletee.

Sasa kazi ya Mama. Cheo chake kilikuwa mhudumu, wa kufagia na kubeba mabakuli. Lakini mtoto mdogo akilazwa juu ya meza ya eksirei hatulii, analia na kurusha mateke, na picha ya mtoto anayerusha mateke hutoka kama ukungu wa asubuhi. Lazima mtu amshike. Huyo mtu alikuwa Mama. Siku za jenereta, Jumanne na Alhamisi, alikuwa anainama juu ya meza, mkono mmoja kichwani kwa mtoto, mwingine magotini, mashine ikiwatazama wote wawili. Bwana Picha alisimama nyuma ya ukuta mnene wenye kioo kidogo, anapiga kelele, "Usipumue!" kisha anabonyeza. Sijui alikuwa anamwambia mtoto au Mama.

Hapo hapo palikuwa na aproni ya madini ya risasi, nzito kama gunia la viazi, imeletwa na wageni hao hao, maalumu kwa anayeshika. Ilikuwa kabatini, imefungwa kwa kufuli. Mama aliwahi kuiomba.

"Ndugu Mkuu, lile joho la wageni, siwezi kulivaa nikiwa nashika?"

"Likichakaa, dada, wakija walioleta nitawaonyesha nini?"

Ningecheka, lakini nyumbani kwetu kulikuwa na sahani sita za maua ndani ya kabati la kioo, na mimi sikuwa nimewahi kulia chakula kwenye hata moja. Zilikuwa zinawasubiri wageni. Tofauti ni kwamba sahani zetu hazikuwa zimetengenezwa kumkinga mtu.

Majibu ya kwanza yalikuja. Bwana Picha aliyasoma kwa sauti bwaloni: beji zote tano safi, hakuna hatari. Makofi tena. Ya pili, safi. Ya tatu, safi. Kwa nini zisiwe safi? Ya mwenyekiti ilikuwa inashinda kwenye mikutano na gulio la Soni. Ya mtunza stoo ilikuwa inalinda unga. Ya Bwana Picha ilikaa nyuma ya ukuta siku za kazi, na Jumapili ilikwenda kuimba kwaya, sauti ya besi, mstari wa mbele.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na kwetu mtoto pekee huulizwa habari za wadogo zake kila anaposalimia mtu. Tangu Mama aanze kushika watoto wa watu, mimba yake ilitoka. Ikaja nyingine, nayo ikatoka. Ile ya pili ndiyo ilinifundisha kupika, kwa sababu Mama alilala akiutazama ukuta na Baba alikuwa anaunguza hata uji. Alipoinuka alisema jambo moja tu: hataki kurudi chumba kile. Anataka mtoto mwingine, na kabla hajamtafuta anataka wampeleke wodi yoyote, hata ya wendawazimu.

Akaenda kumwona Bwana Picha. Ilikuwa Alhamisi, mimi nikipalilia chini ya dirisha la ofisi yake, na sitadanganya kwamba palizi ile ilihitaji muda wote ule.

"Ndugu Mkuu," Mama alisema, "nakuomba unitoe pale kwenye mashine. Naogopa ile mionzi."

"Mionzi gani tena? Si nimesoma majibu mbele yenu? Beji zilirudi safi. Unabishana na Ulaya?"

"Sibishani, Ndugu Mkuu. Ila hizi mimba zangu…"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kifupi. "Hizo usiisingizie mashine ya serikali, dada. Tumbo lako lina mazoea yake."

Nilisikia mlango. Nilipotazama chini nilikuwa nimekata shina la kabichi iliyokuwa karibu kuvunwa, na jembe lilikuwa limezama hadi mpinini.

Tumbo lako lina mazoea yake. Niliyaweka maneno hayo mahali ninapowekea vitu vya kulipiwa, na nikaanza kazi.

Nilianza kijinga. Nina rafiki anayetoka Mnazi, kule chini kwenye joto, na kwao upupu unaota kama majani. Nikamwambia, "Mgosi, ukienda kwenu likizo niletee kidogo." Akaniletea kwenye kopo. Nikaupaka ndani ya kola ya koti jeupe la Bwana Picha, na Alhamisi ile aliwapiga picha wagonjwa akijisugua mgongo kwenye mlango kama ng'ombe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini jioni Mama alirudi nyumbani amechoka vile vile, akiwa ameshika watoto wanne, na kicheko kikanikauka. Upupu unaoshwa na maji. Nilitaka kitu kisichooshwa.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyenipa bila kujua. Nilinyoosha mkono nikiwa na nia ya kuchekesha darasa.

"Mwalimu, mtu akivaa beji ya mionzi, mionzi inamwogopa?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu. "Wewe ukivaa saa, muda unakuogopa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi. Saa haizuii muda, inausoma. Na beji haizuii mionzi, inaisoma. Filamu ikipigwa na mionzi inakuwa nyeusi, na wataalamu wanapima weusi wake."

Nikaketi. Sikumbuki tena somo lile lilihusu nini. Kumbe hospitali nzima ilikuwa imevaa macho matano na kuyapeleka yote mahali pasipo na kitu cha kuona. Basi jicho moja litahamia kwa Mama. Na litakuwa la Bwana Picha, namba yake, jina lake.

Mama alikuwa na mafuta ya nywele ya kopo la plastiki, yenye kifuniko cha rangi ile ile ya maziwa kama beji. Nilikikata kifuniko kwa wembe, nikakikwaruza kwenye jiwe, nikachora vidirisha kwa wino na kubandika pini nyuma kwa lami ya barabarani. Kwa umbali wa heshima kilifanana. Na Bwana Picha watu walimtazama kwa umbali wa heshima. Alikuwa analitundika koti lake kwenye msumari nje ya chumba cha giza anapoosha picha, maana dawa zile zinaacha madoa. Filamu mpya zilipofika tu, nikapita na kapu la karoti. Nilipotoka, kapu lilikuwa na beji, na msumari ulikuwa na kifuniko cha mafuta ya nywele.

Kufua na kupiga pasi sare ya Mama ilikuwa kazi yangu. Nilishona mfuko mdogo kwa ndani, chini ya mfuko wa kifuani, nikaitia beji humo. Nikifua natoa, nikipiga pasi narudisha. Mama alisema mara moja tu kwamba sare imekuwa nzito upande mmoja. Nikamwambia ni wanga.

Yule bwana alikivaa kile kifuniko mwezi mzima! Alikwenda nacho kanisani. Na kana kwamba mbingu zilikuwa upande wangu, mwezi huo huo mgeni kutoka mkoani alitembelea hospitali, na mpiga picha wa Lushoto mjini akaja na kamera yake ya miguu mitatu. Bwana Picha akasimama karibu na mgeni, akalivuta koti ili beji ionekane, akapigwa. Wiki iliyofuata picha ilikuwa ukutani ofisini kwake, na fremu na kioo. Mimi nilikuwa naingiza ndoo za maji pale ili tu niitazame. Kabla bahasha haijarudi Ulaya nikabadilisha tena, nikarudisha beji ya kweli kwenye koti, nikakitupa kifuniko kwenye tundu la choo.

Nikangoja.

Hayakuja majibu ya kawaida. Ilikuja simu ya upepo: filamu yenye namba ya Bwana Picha imekuwa nyeusi, aondolewe chumbani mara moja, mtaalamu anakuja kuchunguza. Nilimwona akitoka ofisini kwa mganga mkuu ameshika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba kitaanguka. Akalala wodini siku ile ile. Akasema meno yanamuuma, na miguu, na kwamba anasikia kitu kinapita ndani ya mifupa. Nilitamani kumletea upupu apate na wa nje.

Raha yangu haikufika mbali. Mganga mkuu alimpa likizo yenye mshahara, na kila asubuhi maziwa na mayai kutoka jikoni kwa wagonjwa, eti yanasafisha mionzi. Akapona haraka, akanenepa. Halafu akapanda kwenye mkutano wa tawi akasema yeye kwa mapenzi ya taifa amekuwa akiwashika watoto wa wakulima kwa mikono yake mwenyewe mbele ya mashine, bila kujali maisha yake. Wakampigia makofi wamesimama. Nilikuwa nimekusudia kumchimbia shimo, nikamjengea jukwaa.

Na Mama? Alibaki pale pale, akishika watoto, huku kijana mwingine akibonyeza kitufe. Jioni moja nilimkuta anafunga mayai ya kuku wetu kwenye majani ya mgomba.

"Unampelekea nani, Mama?"

"Ndugu Mkuu. Maskini, kumbe naye alikuwa anaumia na hatukujua."

Mionzi ile ilikuwa ya Mama. Ni mwili wake ulioifanya filamu iwe nyeusi, na sasa anampelekea mayai mtu aliyepewa maziwa kwa ajili ya weusi huo! Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Lakini ningemwambia yeye peke yake, angenyamaza na kusali, na Bwana Picha angeendelea kunywa. Nikafunga mdomo, kwa mara ya kwanza maishani, na nikamngoja huyo mtaalamu.

Sokoni walisema anakuja mzungu wa mabomu. Mama mmoja wa Mlalo aliyekuja kuuza matunda alificha redio yake chini ya matunda damu, asije akainyang'anya. Aliyeshuka kwenye Landrova alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya kamba na sigara, na begi lililojaa vyombo. Alifuatana na kijana wa wizara kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa anafasiri. Mwanamke alisema kwao pia ni nchi ya kijamaa, na kwamba kazi yake kule ni kukagua, na ameshawahi kufunga chumba cha eksirei cha hospitali wanayotibiwa mawaziri. Mganga mkuu alicheka kidogo akaona hakuna anayecheka.

Ilikuwa Alhamisi, na mtaalamu alihitaji kitu cha kuweka mezani badala ya mtoto. Mwalimu akamtuma anayeshika jembe hovyo zaidi, yaani mimi, nipeleke kabichi kubwa. Ndivyo nilivyoingia chumbani. Sikutoka.

Walikuwepo mganga mkuu, matroni, na mwenyekiti na beji yake. Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Bwana Picha alikuwa katikati, mng'avu kwa maziwa.

"Huyu ni mtoto," mtaalamu alisema kwa kupitia kijana wa wizara, akaiweka kabichi juu ya meza. "Anarusha mateke. Umesema unawashika mwenyewe. Nionyeshe."

Bwana Picha aliisogelea meza kwa upande usio wake. Akaishika kabichi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeonja ugali wa moto. Kabichi ikabiringika ikaanguka chini.

"Mtoto amekufa," nilisema. Nilidhani nimesema moyoni. Matroni alinikata jicho.

"Aproni iko wapi?" mtaalamu aliuliza.

Funguo zikatafutwa. Kabati likafunguliwa, na aproni ikatoka ikiwa bado ndani ya nailoni yake, inachakarika kama karatasi za peremende. Mtaalamu aliigusa ile nailoni kwa kidole. Akamuuliza Bwana Picha: kama hushiki wewe, na unakaa nyuma ya ukuta ule, filamu yako imepata weusi wapi? Je, beji ulimpa mtu mwingine?

"Kamwe!" Bwana Picha alikuwa mwekundu kwa kadiri mtu mweusi anavyoweza. "Haijawahi kutoka kifuani kwangu. Mwezi ule ule nilipigwa picha nayo. Ushahidi upo!" Akakimbia ofisini mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, akarudi na fremu.

Mtaalamu alichukua kioo cha kukuzia, kile cha kusomea filamu. Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, sigara ikijichoma peke yake. Kisha akamwita kijana wa wizara, naye akatazama, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika.

"Anasema hii si beji yetu," kijana alifasiri kwa shida. "Vidirisha vimechorwa. Anauliza, hiki ni nini?"

Fremu ikazunguka. Mganga mkuu akatazama, matroni akatazama. Mama naye, kwa udadisi tu, akanyoosha shingo na ufagio wake. Na hapo ndipo mipango yangu yote ilipovunjwa na mtu ambaye sikumpangia.

"Kifuniko changu!" Mama alipaza sauti. "Kifuniko cha mafuta yangu! Na mimi nimewasingizia panya!"

Watu wote wakamtazama Mama, na Mama akageuka taratibu akanitazama mimi. Anazijua kazi za mikono yangu.

"Shikamooni," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Mchawi huyu!" Bwana Picha alifoka. "Afukuzwe shule! Ameniroga kwa mafuta ya nywele!"

Mtaalamu akainua mkono. Akaniuliza beji ya kweli ilikaa wapi mwezi ule. Nilimwendea Mama, nikakunja upande wa sare yake, nikawaonyesha kile kimfuko na mishono yangu mibaya.

Mwanamke yule akavuta kiti akakaa. Alizungumza polepole, na kijana wa wizara hakucheka tena alipofasiri. "Anasema, miezi yote hii waliwaandikia kwamba hapa ni salama. Filamu walizisoma vizuri, hawakukosea hata moja. Ila hawakuwahi kuuliza kila filamu ilitoka kwenye kifua cha nani. Anasema hilo ni kosa lao pia."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Nilifikiri: vizuri, na Ulaya nayo imelipa.

Mama aliuliza swali lake kwa Kishambaa kwanza, kisha akalirudia kwa Kiswahili. "Muulize kama hiyo mionzi ndiyo iliyochukua watoto wangu."

Mtaalamu alimtazama yeye, si mfasiri. "Sijui," alijibu. "Kwa weusi wa ile filamu siwezi kusema ndiyo, na siwezi kukuapia kwamba hapana. Ninachojua ni kwamba hukupaswa kusimama pale hata siku moja."

Yeye hajui, sawa, ni mtaalamu. Mimi najua, kwa sababu mimi si mtaalamu, mimi ni mtu anayedai wadogo zake.

Nilikuwa nimejiandaa kuyatoa yale maneno niliyoyatunza, mbele ya wote, kwa sauti ya kuigiza, na kile kicheko cha puani. Nilikuwa nimefanya mazoezi shambani. Mama akanitangulia. Aliegemeza ufagio ukutani, akamwambia Bwana Picha kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha kitu alichosahau dukani:

"Ndugu Mkuu, uliniambia tumbo langu lina mazoea yake."

Mganga mkuu alitazama viatu vyake. Mwenyekiti alifunika beji yake kwa kiganja. Mimi nilimtazama Bwana Picha mpaka macho yakaniuma, nisipitwe na kitu.

Yaliyofuata ni maagizo. Mfanyakazi asishike mtoto. Mtoto ashikwe na mzazi wake aliyevaa aproni, na aproni isitiwe kufuli. Beji wavae wanaoingia chumba kile, na si mwingine. Mwenyekiti alipoombwa ya kwake aliirudisha kama mtu anayenyofolewa jino. Mama akapelekwa wodi ya wazazi, juma lile lile. Maziwa na mayai yakakatwa. Bwana Picha alirudishwa kazini, na tangu hapo kila mzazi akija ni yeye anayemvika ile aproni na kuivua, na ni nzito kweli, nimemwona akihema.

Mimi nilichapwa, na nikapewa adhabu ya kuchimba shimo la choo cha walimu. Nilichimba nikiimba besi. Mama hakunipa pole wala pongezi. Alinipa sindano na uzi akaniambia nishone tena ule mfuko wa sare, vizuri, kama mtoto aliyelelewa.

Ile picha Bwana Picha aliiondoa ukutani. Lakini mpiga picha wa Lushoto alikuwa bado na filamu yake, na nilimfagilia studio likizo nzima mpaka akanitolea nakala. Baba alinitengenezea fremu bila kuuliza maswali.

Mwaka jana mdogo wangu alizaliwa. Wa kiume, mwenye sauti ya kuvunja vioo. Watu wakaja kumwona, kama ilivyo desturi, na mfanyakazi mwenzako akijifungua huwezi kukosa, hata kama ungependa. Bwana Picha alikuja na wenzake wa hospitali, na sabuni mkononi. Niliwapokea mimi. Shikamoo niliitoa ya magoti kabisa.

Nikampa kiti nilichokuwa nimekichagua tangu asubuhi, kile kinachotazama ukuta wa mbele. Mama alilifungua kabati la kioo, akatoa sahani za maua, zote sita. Nasi tulilia humo siku hizo, kila Jumapili. Bwana Picha akainua macho. Kule ukutani alikuwa yeye mwenyewe, ametanua kifua karibu na mgeni wa mkoa, na kifuniko cha mafuta ya nywele kikimetameta juu ya moyo wake.

Akateremsha macho kwenye sahani. Wenzake walikuwa wamekwisha kuona; mmoja alikohoa kwenye leso. Mtoto alilia chumbani, na Mama akaenda kumchukua.

Nikaleta birika. Nikamjazia kikombe mpaka pomoni, nikakiweka mbele yake.

"Karibu maziwa, Ndugu Mkuu," nilimwambia. "Ni yale yale uliyoyazoea."

Akanywa. Nilisimama pale na birika hadi alipomaliza, nikamwongezea.